Chungu Kilichonukia Mbaazi

Wasomaji wangu wa hapa Kivinje hawahitaji kuambiwa kwamba bibi muuza uji wa nyuma ya soko hatunaye tena. Nyinyi mliozoea kumkuta mbele ya mafiga yake kila asubuhi mmekwisha kuyaona majivu yaliyopoa pale alipokuwa akikaa. Nawaandikia zaidi wale wa Lindi, wa Mikindani na wa bara, ambao hawakuwahi kuonja uji wake. Alifariki wiki iliyopita kwa homa, tukamzika siku ileile alasiri, na jeneza lake lilisindikizwa na watu wengi kuliko nilivyotazamia kwa mtu asiye na ndugu hata mmoja mjini. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe alisema jina lake aliliacha bara pamoja na mengine aliyoyaacha huko, na sisi tulimwita Bibi tu, naye akaitika.

Uji wake ulikuwa wa mtama, mwepesi, wenye kutiwa ukwaju, na aliupika katika chungu kimoja cheusi kilichomeguka kidogo ukingoni. Wauza uji wenzake walikwisha kununua masufuria madukani; yeye hakutaka. Tena alikuwa na desturi iliyotuchekesha sisi wateja wake wa mapema. Alikisugua kile chungu kwa mchanga na makumbi ya nazi, akakisuuza, akakisugua tena, kisha akainama, akaingiza uso mzima ndani ya chungu kitupu, akanusa. Alikaa hivyo kitambo. Alipoinua uso ndipo alipotia maji na kukiinjika. Tulidhani ni usafi wa kizee uliopita kiasi, na mchukuzi mmoja wa forodhani alikuwa akimtania kwamba anamtafuta jini aliyepotelea humo. Bibi hakucheka wala hakukasirika. Alimpa bakuli lake akamwambia, "Kunywa, mwanangu, upate nguvu."

Kufahamiana kwetu hasa kulitokana na tumbo langu, ambalo mwaka juzi liliniasi. Kila nilichokula kilinikaa kifuani, nikawa nacheua mbele za wakubwa kazini, na usingizi ukanipaa. Mnaujua mji huu. Ukilalamika barabarani kwamba unaumwa, utafika kwako na dawa za kutosha kufungulia duka. Maalim wetu, mtu ninayemheshimu, aliutazama ulimi wangu akasema mwili umeingiwa na baridi; akaniandikia aya sahanini, kombe la kuoshwa kwa maji na kunywa, akanikataza vyakula vyote vya baridi, yaani maziwa, ndizi, machungwa na matango. Mwenye duka wa Kihindi, ambaye watu humwendea kwa dawa kama walivyomwendea baba yake, alinishika mkono akasema, baridi iko wapi, huyu ana moto; akanipa uwatu wa kuloweka, akanikataza samaki, embe, pilipili na tangawizi. Daktari wa boma alinigonga tumbo kwa vidole viwili akasema hakuna moto wala baridi, kuna uvivu. Nisile muhogo, nisile chochote cha nazi, na kila asubuhi nitembee upesi kutoka bomani mpaka mwisho wa ufuko na kurudi, mikono ikipunga. Nami, kwa kuwa sikutaka kumvunjia mtu heshima, niliwatii wote watatu.

Walioniona wakati ule nikienda mbio pwani kwa kanzu, mikono ikipunga, walidhani nawakimbia askari, wakanipisha njia. Nilikonda mpaka mke wangu akaanza kunitazama kama mgeni. Asubuhi moja nilimpitia Bibi katika hali hiyo, nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unakwenda wapi na mwendo huo, karani? Umefiwa?"

Nikamweleza yote, naye akasikiliza huku akikoroga. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa unakula nini?"

Nikafikiri. Alichoniachia mmoja, mwingine alikuwa amekikataza. "Maji ya moto," nikamwambia, "na mkate mkavu."

"Na tumbo?"

"Linauma vilevile."

"Wamekuambia itakuwaje usipopona?"

"Hawakusema."

"Basi nenda kawaulize. Kila mmoja umwambie hivi: bwana wangu, nikiyafuata yote uliyonipa na nisipone, kosa litakuwa la nani?" Aliponiambia hayo hakuwa akinitazama. Alikuwa akikitazama chungu.

Nilikwenda nikawauliza, nusu kwa mzaha. Maalim alisema kama kombe halikufaa, basi nia yangu haikuwa safi nilipolinywa. Mwenye duka alisema bila shaka niliuloweka uwatu kwa maji ya kisima kibaya. Daktari alinikazia macho akasema sikutembea upesi vya kutosha. Watu watatu, elimu tatu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba huenda alichosema yeye hakikufaa. Wote walikwisha kuandaa mahali pa kuliweka kosa, na mahali penyewe palikuwa mimi. Niliacha yote. Nikarudi kula vyakula vyangu kimoja kimoja, kidogo kidogo, nikianza na uji wa Bibi, na kwa kila kimoja nikangoja nione tumbo litasemaje. Kumbe adui yangu alikuwa kahawa, niliyokuwa nikiinywa kutwa barazani, na ambayo hakuna aliyeitaja kwa sababu wote watatu waliinywa pamoja nami.

Nisiwaonee lakini. Kutembea pwani nimeendelea nako, taratibu sasa, maana nimeona kunanipa usingizi ingawa tumbo hakukulisaidia kitu. Na daktari yuleyule aliwahi kunitibu homa kwa kwinini, na siku ile alisema maneno ambayo sikuyatia maanani mpaka Bibi aliponifungua masikio. Alisema, "Meza hizi. Homa ikirudi baada ya hapo, njoo, maana pengine nimekosea ugonjwa." Homa haikurudi. Mtu mmoja huyohuyo, siku moja alinipa shauri lililoacha mlango wa kosa lake mwenyewe wazi, na siku nyingine akanipa lililoufunga. Kwa hiyo suala si kumchagua mganga huyu na kumkataa yule, wala kuchagua la kwetu dhidi ya la Wazungu. Kila shauri lipimwe kwa nafsi yake, hata likitoka katika mdomo tuliokwisha kuuamini.

Nilipopona nilikwenda kumshukuru. Wateja walikuwa wamekwisha kutawanyika, naye alinimiminia uji uliobaki. Ulikuwa msimu wa mbaazi, kama sasa, na akapita mwanamke mwenye ungo kichwani akinadi mbaazi mbichi. Bibi aligeuza uso ukutani mpaka sauti ile ilipopotelea mbali. Nikamwuliza swali lile alilipata wapi. Akanieleza, na ninayoyaandika hapa ndiyo aliyonieleza. Najua mhariri wangu hapendi vita vile vya Maji Maji vitajwe gazetini, na wakubwa hawapendi zaidi. Waniwie radhi, mimi nataja chungu.

Nyumba yake ilikuwa upande wa Mitole. Alikuwa mjane mwenye mwana mmoja wa kiume, kijana mzima aliyelima shamba lao, na siku za zamu akalimishwa pamba ya serikali na kuchapwa viboko kama wenzake. Yale maji ya dawa yalipofika upande wao, mwanawe alikwenda kuyanywa. Aliyewagawia aliwaambia risasi za Wajerumani zitageuka maji zikiwafikia, mradi washike miiko: wasimguse mwanamke, wasichukue mali ya mtu, wakishaondoka wasitazame nyuma, na wasile mbaazi. Hiyo mingine waliishika wanaume wenyewe. Huo wa mbaazi ulikuwa wa jikoni, nao uliwaangukia akina mama.

Na mbaazi ndizo zilizokuwapo. Msimu ule kila nyumba ilikula mbaazi, nyingine hazikuwa na kitoweo kingine. Bibi alizipika mchana kwa ajili yake mwenyewe katika chungu chake, na chungu alikuwa nacho kimoja. Alasiri mwanawe akatokea bila kutazamiwa, anakuja kumuaga, asubuhi wanaondoka. Bibi akakiosha chungu, akamsongea ugali wa mtama humohumo, akamchomea samaki mkavu. Kijana alimega tonge la kwanza, akalipeleka kinywani, akacheka. "Mama," akasema, "chungu kinanukia mbaazi."

"Nimekiosha, baba."

"Najua," akasema, na akaumaliza ugali wote, kwa kuwa alikuwa na njaa na kwa kuwa ulikuwa wa mama yake. Asubuhi alifuatana na wenzake. Bibi alisimama uani akimwangalia mpaka alipopotea mashambani, na kijana hakugeuka hata mara moja. "Mwiko ule aliushika," Bibi aliniambia. "Nilitamani ageuke kidogo, nimwone uso. Hakutazama nyuma."

Alipigwa risasi ya kifua akafa, pamoja na wengine wengi, walipolikabili boma la Wajerumani. Baada ya siku chache akarudi mmoja wao, kijana wa jirani, bega limepasuliwa, akaja kumpa Bibi pole. Aliketi, akamwamkia, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Mama, mwenzetu alikula nini kabla hatujaondoka?" Bibi, ambaye hakuwa amezoea kusema uongo, alimweleza yote kama yalivyokuwa. Yule kijana aliinamisha kichwa. Hakumlaumu. Aliaga akaenda zake, na kabla jua halijatua kijiji kizima kilikuwa kinajua kwa nini mtoto wa yule mama alikufa. Simchukii kijana yule. Naye alikuwa ameyanywa maji yaleyale, na ilimbidi apate sababu iliyomfanya yeye awe hai, la sivyo asingeweza kushika tena silaha kesho yake. Lakini sababu aliyoipata ilikuwa chungu cha mama wa watu. Na hakuwa peke yake, maana kila aliyekufa alitafutiwa kosa lake: huyu alimgusa mkewe, yule aliokota nguo ya maiti, huyu aligeuka. Kwa namna hiyo maji hayakukosea kamwe. Waliokosea walikuwa wafu, ambao hawakuwapo kujitetea, na mama zao, ambao hakuna aliyewauliza zaidi ya walichopika.

Baada ya hapo wanawake wa kijiji hawakuja tena kuomba moto kwake. Askari walipopita wakachoma maghala, na njaa ikaja, alishuka pwani kwa miguu na chungu kichwani. Hapo nilimkatiza. "Kwa nini hukukivunja, Bibi?"

"Nikikivunja nitajuaje?"

"Ujue nini?"

"Kama ndicho."

Akanieleza kwamba mwaka ule wa njaa, watu walipokuwa wakianguka barabarani hapa Kivinje, aliwapikia uji kwa nafaka waliyomletea watu wenye huruma. Aliwapikia katika chungu hicho, akawaangalia. Wengine walipata nguvu wakainuka. Wengine walikufa. Akaenda akaangalia waliopikiwa na wanawake wengine kwa vyungu vingine, akakuta ni hivyohivyo, wengine wameinuka, wengine wamekufa. Njaa ilipopita akaanza kuuza, na akaendelea kutuangalia sisi. Nilikuwa nimeshika bakuli. Nitasema kweli, nililitazama lile bakuli, maana nilitambua kwamba miaka yote ile tuliyomcheka, mwanamke huyu alikuwa akituhesabu kila asubuhi aone ni nani hakurudi.

"Basi jibu unalo, Bibi," nikamwambia. "Umetulisha mji mzima, na sisi hawa hapa. Chungu hakina neno."

"Nyinyi hamkuyanywa yale maji," akasema.

Nikamwambia kilichomuua mwanawe ni risasi. Akaniuliza, mbona yule mwenzake naye alipigwa risasi akarudi. Nikaanza kumweleza habari za bega na za kifua, nikajisikia napiga domo. "Kila asubuhi nakinusa," aliniambia. "Bado harufu ipo, karani. Siku nyingine kidogo, siku nyingine nyingi." Tangu siku ile, kila nilipomwona akiinama kwenye chungu kitupu, sikuweza kucheka, wala sikuweza kuangalia. Niligeuka upande wa bahari mpaka niliposikia maji yakimiminwa.

Nimeyafikiri haya mara nyingi, na hunirudia hasa ninapopita njia ya Mitole, ambako kuna mashamba yaliyogeuka msitu na mafiga yaliyosimama peke yake penye nyumba zilizokwisha. Wapo wanaosema, watu wale walikuwa wajinga, waliamini maji. Sisemi hivyo. Mtu aliyechapwa viboko kwa pamba asiyoila ana haki ya kutafuta popote kitu cha kumwinua. Kinachonitia hofu ni kitu kingine, nacho hakikuisha na vita. Kinaishi katika ushauri mdogomdogo tunaopeana kila siku barazani juu ya nini kiliwe na nini kisiliwe, mwili uoshwe vipi, mtu atembee kiasi gani. Tunampa mgonjwa sharti juu ya sharti, na masharti yakiwa mengi hakuna anayeweza kuyatimiza yote, na asipopona tunarudi kuyahesabu mpaka tulipate lile alilolikosa. Mwenye shauri hutoka safi. Aliyelifuata hubaki na ugonjwa wake na hatia juu yake. Na mara nyingi hatia haiishii kwa mgonjwa. Huingia jikoni ikamtafuta aliyempikia.

Alipougua mwenyewe, jirani yake muuza vitumbua alinitumia habari. Nilikwenda na kwinini kutoka kwa daktari. Nilimkuta amelala kitandani, chungu kikiwa sakafuni karibu na mkono wake. Aliutazama unga ule katika karatasi akatabasamu kidogo. "Karani," akasema, "nikimeza nisipone, kosa la nani?"

"La dawa, Bibi. Au langu mimi niliyechelewa kuileta. Lako halimo."

"Umejibu vizuri." Akameza, uso ukamkunjamana kwa ukali wake, akanywa maji. Kisha akauliza tena, "Na la mwanangu?"

Nikamwambia, "Si la chungu, Bibi, wala si la mkono uliokiosha."

Alinitazama. Nilitaka aniamini kuliko nilivyowahi kutaka kuaminiwa na mtu yeyote. "Wasema hivyo kwa kuwa wanipenda," akasema, na akafumba macho. Kesho yake akafa. Inaniuma kwamba swali alilonipa mimi likaniokoa na upuuzi, yeye halikumwokoa. Alijua kabisa mtego ulivyotegwa, angeweza kumwonyesha mtu mwingine kila kamba yake, na akafa akiwa ndani.

Basi ninachowaombeni ni hiki, na ni kidogo. Mtu akikuleteeni shauri la afya, awe amevaa joho, kilemba au kofia ya Kizungu, msilipokee kwa kuwa ni lake na msilikatae kwa kuwa ni lake. Muulizeni kabla hamjaanza, kosa litakuwa la nani shauri likishindwa. Akisema huenda likawa lake, lijaribuni shauri lake, huku mkiangalia kwa macho yenu. Na nyinyi mnaopenda kutoa mashauri, mimi nikiwamo, mnapokwenda kumpa pole mfiwa, msimwulize marehemu alikula nini.

Tulipotoka makaburini wanawake walikuwa wakisema chungu kivunjwe, kwa kuwa marehemu hana mrithi. Nikakiomba. Kipo jikoni kwangu sasa. Jana mke wangu alinunua mbaazi mbichi ili azipike kwa nazi, nikamwambia azipike humo, naye hakuniuliza kwa nini. Kabla hajatia maji nikamwambia angoje. Niliinama, nikaingiza uso wangu mzima ndani ya kile chungu, nikavuta pumzi. Nikavuta tena, kwa ajili ya Bibi. Kilinukia uji.